Jibu: Kumuaga mchungaji na mwenyekiti wa kijiji siku moja

Bwana asifiwe, ndugu wa Newala. Umeuliza kama mchungaji anayehamishwa na mwenyekiti wa kijiji anayemaliza muda waagwe pamoja kanisani. Inafaa, ila mwenyekiti aagwe baada ya ibada, nje chini ya mwembe, maana waliomchagua wengi ni Waislamu nao wana lao la kusema. Kabla ya zawadi za korosho na vitenge, makabidhiano ya daftari la mali yafanyike mbele ya watu. Samweli alipoaga (1 Samweli 12) aliuliza kwanza: nimechukua ng'ombe wa nani? Hotuba mbili zinatosha, jamani! Kisha mpige magoti mwombe, kama Paulo na wazee wa Efeso (Matendo 20), mumsindikize mchungaji hadi stendi. Mama mchungaji naye apewe kipaza sauti.