Konsonanti kwanza, kamusi baadaye

Mhariri, salaam. Swali lenu la wiki ni hili: "Wapenzi wa mafumbo ya maneno wakikaa pamoja, wafanyeje ili wafumbue vidokezo vya kificho bila kubahatisha?" Jibu hili linatoka Ngamiani, Tanga, kwa watu ambao kahawa na kashata za jioni huishia kwenye mraba wa vyumba 15 kwa 15.

Kidokezo cha kificho kina sehemu mbili: maana ya jibu, na ufundi wa kulijenga. Maana hukaa mwanzoni au mwishoni, haikai katikati. Mchezo huu ulikulia Uingereza miaka ya 1920, kwa hiyo hila zake zilipimwa kwa maneno ya Kiingereza. Anayezileta kwenye Kiswahili kama zilivyo lazima akwame.

Chukueni hiki: "Makasi yaliyovurugika huletwa na wavuvi (6)". Namba ya mabano ni idadi ya herufi za jibu, kila herufi na chumba chake. Neno "yaliyovurugika" linawaamuru mchanganye herufi za makasi. Wengi huandika M-A-K-A-S-I kwenye mstari, wakazikodolea macho. Herufi hizo zina mipangilio 360. Sasa zitengeni: K, M, S huku, A, A, I kule, kisha kila konsonanti ipewe irabu yake. Inabaki mipangilio 18 tu. Mmoja aitaje kwa sauti, silabi kwa silabi, wengine wasikilize, maana sikio hulidaka neno kabla ya jicho. Mtasikia samaki, lakini mtasikia pia kamasi, na mtasikia masika. Asiyerudi kwenye "huletwa na wavuvi" ataandika masika kwa furaha na kuharibu pembe nzima. (Neno linaloanza na irabu, kama asali, au lenye mb, nd au mw haliendi kwa njia hii moja kwa moja, hapo unganisheni kwanza konsonanti zilizozoea kukaa pamoja.)

Je, herufi za makutano, zile ambazo jibu linashirikiana na majibu yanayolikatiza, zitawaokoa? Inategemea zimeangukia wapi. Makutano yakiwa chumba cha 2, cha 4 na cha 6, samaki na kamasi yote mawili yanasomeka _A_A_I, na hapo hakuna kilichoamuliwa. Yakiwa cha 1, cha 3 na cha 5, mna S_M_K_ dhidi ya K_M_S_, na ubishi umekwisha. Ndiyo maana, mkishapata jibu la kwanza, msiendelee kwa kufuata namba. Fuateni maneno yanayokatiza kwenye konsonanti zake. Irabu ya mwisho ndiyo msaada mdogo kuliko yote, kwa sababu karibu kila neno letu huishia na irabu.

Kugeuza maneno ndiko kunakoleta mabishano makubwa. "Ukirudi kutoka Amani, teremsha kichwa (5)": someni Amani, ile ya Muheza, herufi kwa herufi kutoka nyuma, mpate inama. Limewezekana kwa kuwa linaanza na irabu. Neno linaloanza na konsonanti, likigeuzwa hivyo, huishia na konsonanti na kuwa si neno. Jaribuni "Sita kwa kinyume, miiba yake huchoma (4)". Kwa herufi mtapata "atis", ambayo haina maana. Tumieni kinyume cha wazee wa pwani, silabi ya mwisho ije mbele: ta-si. Tasi! Mvuvi aliyewahi kumtoa wavuni kwa pupa anaijua miiba hiyo.

Viambishi navyo husema. Katika "Si chako, yumo baharini (6)", hiyo "yumo" imekwishawaambia kwamba mnamtafuta kiumbe hai: changu. Na kabla ya kuanza kubalianeni, CH na NG ni herufi mbilimbili, kwa hiyo vyumba sita. Kitone cha ng' hakipewi chumba.

Watu watatu au wanne wanatosha. Wakizidi watano, baraza hugawanyika mazungumzo mawili. Mmoja ashike penseli, wino hapana, na asiandike jibu mpaka aliyelitaja aeleze kila neno la kidokezo limefanya kazi gani. Neno moja likibaki bila kazi, jibu si hilo, hata kama linaingia kwenye vyumba barabara. Tunaomba sana kanuni hii isilegezwe kwa kumwonea mtu haya, maana jibu moja lililopitishwa kwa heshima huzaa makosa matatu chini yake. Kamusi ifunguliwe kuthibitisha jibu, isifunguliwe kulitafuta.

Hiki cha kujipimia hakihitaji kuvuruga wala kugeuza, jibu limelala ndani ya maneno yenyewe: "Aliyekata ngazi ameficha kitambaa cha jahazi (5)". Kisomeni bila kuacha nafasi kati ya neno na neno.