Gawio nono lisikupeleke sokoni, soma kwanza fedha taslimu

Mkuu uliyeko Kasulu, hiyo hela ya mawese usiitume kwa dalali wa hisa wiki hii. Umeuliza kama ununue hisa za kampuni ambayo gawio lake, yaani hela inayowagawia wanahisa, ni asilimia 14 ya bei ya leo ya hisa, na akaunti ya CDS, ile ya kutunzia hisa zako, inafunguliwaje. Naanza na gawio, maana ndilo litakalokuumiza.

Mimi niko Tabora. Hela yangu ilikuwa ya tumbaku, mauzo ya msimu mzima. Mshauri mmoja wa uwekezaji alitukusanya wakulima ukumbini, akatuonyesha kampuni ambayo gawio lake lilipanda kila mwaka, akasema inayogawa hivyo haiwezi kuwa na shida. Alikuwa anakula kamisheni kwa kila aliyenunua, na hesabu za kampuni alikuwa nazo mkononi! Hakufungua ukurasa wa mtiririko wa fedha, unaoonyesha hela iliyoingia na kutoka kweli, hata mara moja. Sijamsamehe.

Ukurasa huo ulisema yote. Faida iliandikwa shilingi bilioni 4, lakini fedha taslimu zilizotokana na biashara yenyewe hazikufika bilioni 1. Gawio lilikuwa bilioni 3. Nyingine zilitoka wapi? Shuka mistari michache: mkopo mpya wa benki. Faida ilikuwa mauzo ya mkopo ambayo wateja hawajalipa, ndiyo maana wadaiwa kwenye mizania, ukurasa wa mali na madeni ya kampuni, walikuwa wanavimba tu. Bodi inakopa ili igawe, bei ya hisa isimame, menejimenti ipate bonasi. Huko ni kurina asali kwa kuchoma mzinga na nyuki wake.

Benki ilipodai chake, gawio likasitishwa. Bei ikatoka 600 hadi 210, na hata kwa 210 mnunuzi hapatikani, maana soko letu la hisa la Dar lina hisa zinazokaa muda mrefu bila kuguswa. Kisha wakaja na hisa stahiki, yaani hisa mpya wanazouziwa kwanza wanahisa waliopo: ongeza hela au umiliki wako upungue. Kwenye mkutano mkuu ndipo ikajulikana ghala ambalo kampuni inalilipia pango kubwa ni la mkurugenzi wake. Na hilo lilikuwa limeandikwa, kule nyuma kwenye maelezo ya hesabu, sehemu ya miamala na wahusika wenye uhusiano na kampuni.

Kwa hiyo fanya hivi. Chukua taarifa za miaka 5, jumlisha fedha taslimu kutoka kwenye shughuli, toa zilizonunua mitambo na majengo, linganisha na jumla ya gawio. Gawio likizidi, achana nayo, awe anakushauri nani.

Asilimia 14 yenyewe isikupe raha. Bei ikishuka, asilimia ya gawio inapanda bila kampuni kufanya lolote, na mara nyingi bei imeshuka kwa sababu wanaojua wanatoka. Berkshire Hathaway, kampuni ya uwekezaji ya Marekani, chini ya Warren Buffett ililipa gawio mara moja tu, 1967, senti 10 kwa hisa, na wanahisa wake wametajirika kwa sababu faida ilibaki ndani ikafanya kazi.

CDS atakufungulia dalali wa hisa yeyote mwenye leseni ya CMSA, mamlaka inayosimamia masoko ya mitaji. Piga picha ukurasa wa mtiririko wa fedha wa hiyo kampuni uiweke hapa. Nitaupitia leo usiku, mstari kwa mstari, kabla hujalipa hata shilingi.