Hamlet Asiyesema

Mwanangu,

Ujumbe wako nimeusoma. Unauliza Hamlet ya mwaka 1921, filamu ya tamthilia ya Shakespeare juu ya mwana wa mfalme wa Denmark, niliyokusisitizia uitazame, ina faida gani, iwapo Shakespeare ni maneno na filamu yenyewe ni bubu. Unasema ni taarabu bila mwimbaji. Hapo umenichokoza. Mtoto wa Unguja mzima hujui bashrafu? Inapigwa hakuna anayefungua kinywa, na watu wametulia wanasikiliza.

Lakini swali lako ni la haki. Tanzia nyingi za jukwaani zilizotiwa kwenye filamu zama zile ziliishia kuwa watu waliovaa majoho wakipunga mikono, kisha maandishi yanatokea kutueleza walichosema.

Asta Nielsen hakupita njia hiyo. Huyu ni Mdenishi aliyekuwa nyota mkubwa Ujerumani, na filamu hii aliitengeneza kwa kampuni yake mwenyewe, wakiiongoza Svend Gade na Heinz Schall. Badala ya kuhangaika na yale maneno, alibadili kisa. Alishika hoja ya Mmarekani Edward Vining, aliyeandika mwaka 1881 kwamba Hamlet alikuwa mwanamke. Basi mfalme yuko vitani, habari zinaletwa kuwa ameuawa, na malkia Gertrude ndiyo kwanza amejifungua binti. Ili kiti cha enzi kisiwatoke, anatangaza kuwa ni mtoto wa kiume. Mara mfalme huyo, anarudi mzima! Neno limeshatoka, na binti analelewa kiume.

Hamlet wa jukwaani husema peke yake weee, mpaka yote ya moyoni tunayajua. Wa Nielsen amebeba siri, na mwenye siri hufunga mdomo. Ububu wa filamu unakuwa wake. Anampenda rafiki yake Horatio, aliyesoma naye chuoni Wittenberg, Ujerumani. Horatio anamtaka Ophelia, binti wa Polonius, mshauri wa mfalme. Naye Hamlet anajitia kumtongoza Ophelia ili Horatio asimpate. Ataanzia wapi kulisema hilo, na kwa nani? Mtazame wakati waigizaji wanapocheza mbele ya mfalme mpya, Claudius, ambaye Hamlet anamshuku kumuua baba yake. Hamlet anajikokota sakafuni, taratibu, akimsogelea, na macho hayabanduki usoni pa ami yake. Yuko kama anayemsoma herufi kwa herufi.

Kilichopotea kipo, sikatai. Polonius bila porojo lake ni mzee wa kawaida tu. Na pale mwishoni, Horatio anapompakata maiti, mkono ukapita kifuani ndipo akang'amua, wapo wanaoona ni kituko. Mimi sikucheka. Mtu kaishi na rafiki miaka yote hiyo, anakuja kumjua ameshakufa.

Tafuta nakala iliyotiwa rangi, ile iliyorekebishwa na kuonyeshwa Berlin mwaka 2007, wala usiitazame kwenye simu. Macho ya Nielsen hayaenei humo.

Ukimaliza nipigie tumzungumze Gertrude. Ndani ya filamu hii yeye ndiye anayeitayarisha sumu, na kwa bahati mbaya anainywa mwenyewe. Watu wote wanamlaumu Claudius, lakini aliyeanza kumpokonya mtoto maisha yake, siku ile ile aliyozaliwa, ni mama. Nina maneno mengi na mwanamke yule.

Mama yako