Floraidi iliyoniharibu meno, leo nimpe mwanangu?

SWALI: Shikamoo daktari. Nimekulia Maji ya Chai, Arumeru, na meno yangu yana rangi ya kahawia mpaka leo. Nikicheka nafunika mdomo. Sasa naishi Dar es Salaam. Mwanangu wa miaka 2 ana mistari myeupe kwenye meno ya mbele ya juu. Kliniki wamesema yanaanza kuoza, nimswakishe kwa dawa yenye floraidi. Si ndiyo hiyo hiyo iliyoniharibu mimi?
*Mama wa Mbagala*

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Mimi pia ni wa Meru, na huko kufunika mdomo nakujua vizuri.

Ndiyo, ni madini yaleyale. Ila wewe uliyanywa, tena kila siku, kwenye maji, chai na uji, wakati meno yako ya ukubwani yakijijenga ndani ya fizi. Maji mengi ya kwetu yanapita mbali kiwango cha Shirika la Afya Duniani, miligramu 1.5 kwa lita, na magadi ya kwenye makande yanaongeza. Wala kuchemsha hakusaidii: maji yanapungua, floraidi inabaki.

Kwa mwanao kinachokula meno ni sukari. Je, analala na chupa ya maziwa yenye sukari, au juisi? Bakteria wa mdomoni wakiipata hiyo sukari hutoa asidi, nayo inanyofoa madini ya jino. Ndiyo hiyo mistari. Floraidi ya dawa ya meno inafanya kazi palepale juu ya jino, inasaidia madini kurudi. Tobo likishatokea, halirudi. Kwa hiyo usisubiri.

Tafuta tyubu iliyoandikwa floraidi 1000 ppm au zaidi. Weka kiasi cha punje ya mchele tu, siyo kujaza mswaki kama kwenye matangazo. Hicho hata akikimeza hakimdhuru. Mlaze kichwa mapajani pako, inua mdomo wa juu, umswakishe mwenyewe, asubuhi na usiku kabla ya kulala. Futa povu kwa kitambaa, usimsukutue. Akitimiza miaka 3, iwe punje ya njegere. Chupa ya usiku iwe na maji matupu.

Na Desemba mkipanda kwenda kwa bibi, uji wake upikwe kwa maji ya mvua, na makande ya magadi asipewe. Mswaki na tyubu yake mfungashie.