Pawasaplai ya chaja ya lipo: piga hesabu kuanzia kwenye betri

Mkuu, umesema umenunua chaja ya 300W iliyokuja bila adapta, inapokea 9 hadi 32V, na unataka kuchajia betri ya lipo (lithiamu polima) ya droni ya 6S, yaani seli sita zilizoungwa kwa mfululizo, 5000mAh, pamoja na ile ndogo ya 3S (seli tatu) 2200mAh. Muuzaji amekwambia adapta ya kamera za CCTV ya 12V 5A inatosha. Kwa ile ndogo sawa, kwa ile kubwa hapana. Chaja nyingi za wenzetu zinaletwa mezani kwangu zikiitwa mbovu, na mara nyingi chaja ni nzima kabisa, tatizo ni kinachoilisha, yaani pawasaplai, kile kifaa kinachogeuza umeme wa ukutani kuwa wa volti ndogo.

Seli moja ya lipo ikijaa inafika 4.2V, kwa hiyo 6S inamalizia kwenye 25.2V. Ukichaji kwa 1C, yaani ampea zinazolingana na ujazo wa betri, hapa 5A, chaja itatoa 25.2 × 5, sawa na 126W. Chaja nayo inapoteza kiasi kwa joto. Mimi hugawanya kwa 0.85, napata kama 148W ambazo lazima zitoke kwenye pawasaplai. Adapta ya 12V 5A ina 60W tu. Ukiilazimisha, volti zinadondoka, chaja inalalamika kwamba umeme unaoingia ni mdogo na inakata, au adapta yenyewe inajizima. Zile za bei ya chini hazina hata ulinzi huo, zinachemka mpaka plastiki inanuka. Ile 3S yako kwa 2.2A inahitaji kama 33W, ndiyo maana nikasema kwa hiyo ni sawa.

Sasa kitu ambacho wauzaji wengi hawakisemi. Maandishi ya 300W kwenye boksi la chaja hayana maana ya 300W kwa volti yoyote utakayoingiza. Kila chaja ina kikomo cha ampea za kuingia, kimeandikwa kwenye karatasi yake. Chukua mfano wa kikomo cha 12A: ukiilisha 12V inapokea 144W basi, ukiilisha 24V inapokea 288W. Chaja ni ileile, nguvu ni mara mbili. Halafu zile 148W zako kwa 12V ni zaidi ya 12A kwenye waya, kwa 24V ni kama 6A. Waya unapoa, viunganishi vinapoa, na chaja haihangaiki kupandisha 12V hadi 25.2V. Kwa hiyo kama chaja inaruhusu, nunua ya 24V. Sioni sababu ya mtu mwenye 6S kubaki na 12V.

Aina gani? Mimi natumia pawasaplai ya kampuni ya Mean Well, modeli LRS-350-24. Ni ile ya boksi la bati lenye matundu, inatoa 24V na 14.6A, yaani 350W. Kwa kazi yako utaitumia chini ya nusu, na hivyo ndivyo inavyopaswa kuwa kwenye joto la Dar. Hata siku ukichaji 6S mbili kwa pamoja kwa 10A, utahitaji kama 296W na bado imo. Ina kiswichi pembeni cha 115 na 230V. Hakikisha kiko 230 KABLA hujachomeka ukutani, maana kikiwa 115 kwa umeme wetu utasikia mlio na mchezo umeisha. Kariakoo utakutana na maboksi yanayofanana nayo sura, hayana jina, yameandikwa 12V 30A, yanauzwa kwa ajili ya taa za LED. Pima uzito kwa mkono. Likiwa jepesi kuliko inavyotarajiwa kwa ampea hizo, mimi silichukui, na likiandikwa 30A nalihesabia nusu yake.

Pawasaplai za seva za mtumba ni imara sana na bei yake huwa nafuu, ila nyingi ni 12V, feni zake zina kelele, na inabidi uunganishe pini fulani ndipo ziwake. Watu huziunga mbili kwa mfululizo wapate 24V. Tafadhali usiige bila kuelewa: kwa kawaida hasi ya kila moja imeunganishwa na bati lake na erthi, kwa hiyo ukiziunga hivihivi unapiga shoti ya ampea nyingi mno.

Kama mfuko haujakaa vizuri mwezi huu, chukua chaja ya laptopu ya 19.5V 90W. Ingia kwenye mipangilio ya chaja yako, weka kikomo cha umeme unaoingia kuwa 80W, kisha chaji 6S kwa 2.5A. Itachukua zaidi ya saa mbili lakini betri itajaa bila ugomvi. Hii ni kwa chaja yako tu. Wenye chaja ya iMAX B6 msijaribu, ile mwisho wake wa volti za kuingia ni 18V.

Umegusia pia kukatika kwa umeme. Kama nyumbani una sola yenye betri za 24V, lisha chaja moja kwa moja kutoka kwenye betri, weka fyuzi karibu na terminali ya chanya, achana na inveta kabisa. Kupandisha umeme hadi 230V halafu kuushusha tena ni kupoteza sola bure.

Kwenye kufunga usibane pesa. Waya wa 2.5 (milimita za mraba) kutoka pawasaplai hadi chaja, mfupi, usizidi mita moja. Plagi ya pini tatu, na erthi ifungwe kweli kwenye bati. Terminali za 230V ziko wazi pale mbele, zifunike, hasa kama kuna watoto. Ukimaliza, weka 6S ichaji kwa 5A na upime kwa multimita pale waya unapoingia kwenye chaja. Ukisoma chini ya 23.5V, kaza skrubu kwanza, kisha angalia waya.