Niliandika Uvimbe Wangu kwenye Daftari la Wateja

Mhariri, wiki iliyopita mliwauliza wasomaji: Je, mgonjwa ana haki ya kubishana na daktari? Mimi nasema anayo. Nisingebishana, leo mtoto wangu angekuwa analelewa na nyanya yake.

Mimi ni fundi cherehani hapa Kaptembwo, Nakuru. Machi 2023 nilikuwa na miaka 28, nikimnyonyesha mtoto wa miezi minane. Siku moja nikioga, mkono ukagusa kinundu upande wa nje wa titi la kushoto, karibu na kwapa. Kilikuwa kigumu na hakikuuma hata nilipokibonyeza. Mama mkwe akasema ni maziwa yameganda. Tukakanda kwa kitambaa cha maji moto, tukapitisha kitana, lakini kinundu kikabaki pale pale. Kliniki niliyokwenda ikanipa antibiotiki za wiki moja, nikaambiwa, "Wewe bado msichana, ondoa wasiwasi." Niliporudi mwezi wa Mei nikaambiwa ni homoni, zitatulia mtoto akiacha kunyonya.

Sasa, mimi kazi yangu ni vipimo. Mteja akisema amenenepa kidogo, sikisii, nachukua tepe. Hata kabla ya kwenda kliniki mara ya kwanza, nilikuwa nimefungua ukurasa wa mwisho wa daftari la wateja, nikalala chali, nikapima kinundu kwa tepe ile ile ya kushonea, nikaandika kwa penseli: Machi, robo tatu ya inchi. Mei, inchi moja. Juni, inchi moja na robo. Nilipoona namba hizo tatu zimepangana, nilifunga duka saa nne asubuhi.

Nilikwenda na dada yangu mkubwa, kwa sababu nikiogopa sisikii vizuri. Nikaliweka daftari mezani. Nikasema, "Daktari, hii ni mara ya tatu. Kama si maziwa, kinaweza kuwa nini kingine? Na ni kipimo gani kitatuonyesha?" Akaanza tena habari ya umri wangu. Nikamwambia, kwa heshima zote, "Basi niandikie kwenye faili kwamba nimeomba altrasaundi na wewe umeona siihitaji." Akanyamaza. Akatazama zile namba za penseli, akavuta fomu, akaandika altrasaundi.

Simchukii. Ni kweli kwamba vinundu vingi vya wasichana si saratani, na anayeviona kila siku huzoea. Lakini "vingi" si "vyote", na hakuna anayeweza kutofautisha kwa macho. Baadaye nilieleweshwa kwa nini kwa umri wetu huanzia altrasaundi badala ya mamogramu, yaani picha ya eksirei ya titi: titi la mwanamke kijana lina nyama nzito ambayo kwenye picha hutoka nyeupe, na uvimbe nao hutoka mweupe. Ni kama kutafuta uzi mweupe kwenye kitambaa cheupe. Lakini hata altrasaundi haitoi hukumu ya mwisho. Lazima kipande cha nyama kitolewe kwa sindano nene kipelekwe maabara. Shangazi yangu alinisihi nikatae, akiamini saratani ikiguswa husambaa. Nilimuuliza daktari mbele yake, akamjibu mwenyewe kwamba kuchukua kipande hakusambazi ugonjwa, na kwamba bila hicho hakuna matibabu yanayoweza kupangwa.

Majibu yalitoka tarehe 11 Julai: saratani, hatua ya pili. Shirika la Afya Duniani linataka mwanamke apate jibu ndani ya siku 60 tangu afike kituo cha afya mara ya kwanza. Mimi zilikuwa siku 113.

Kuna mambo ambayo sisi vijana tusipoyauliza wenyewe yanaweza kupita hivi hivi. Uvimbe wangu ulikuwa wa aina inayolishwa na homoni, nami nilikuwa na kijiti cha kupanga uzazi mkononi, ambacho nacho hutoa homoni. Hakuna aliyeniuliza. Dada yangu ndiye aliyekumbuka tukiwa tayari mlangoni, tukarudi ndani, kikatolewa wiki hiyo hiyo na nikawekewa koili ya shaba, isiyo na homoni. Jambo la pili ni watoto. Kemo, yaani dawa kali za kuua saratani, inaweza kudhuru mayai ya uzazi, na mazungumzo hayo yanafaa kufanyika kabla ya dripu ya kwanza, kwa sababu baadaye huenda nafasi ya kuyahifadhi isiwepo tena. Niliuliza nikiwa na haya, kana kwamba naomba anasa. Gharama ya kuhifadhi mayai sikuiweza, nami nililia njia nzima kwenye matatu. Lakini nililia nikijua. Hilo kwangu lina uzito.

Wanaosema kuuliza ni utovu wa adabu wajue kwamba Kenya ina Mkataba wa Haki za Wagonjwa tangu 2013, na ndani yake mgonjwa ana haki ya kuelezwa ugonjwa wake na kutafuta maoni ya daktari mwingine. Nilimaliza kemo, nikafanyiwa upasuaji, na mionzi nikaipata hapa hapa Nakuru. Kidonge cha kuzuia homoni nakimeza kila usiku mtoto akishalala.

Mwaka jana msichana wa miaka 22 alikuja kupimwa gauni la harusi ya dada yake. Nilipozungusha tepe kifuani alijikunja. Nikamuuliza taratibu, akasema ana kinundu tangu Krismasi na ameambiwa yeye bado mdogo. Tulifungua ukurasa wa mwisho wa daftari, akajipima nyuma ya pazia, akaandika mwenyewe. Wiki hiyo tulikwenda pamoja. Altrasaundi ilifanywa, kipande kikachukuliwa, na majibu yakasema ni uvimbe wa kawaida, si saratani. Alikuja kuchukua gauni Ijumaa, akalivaa pale pale dukani, na nikalipunguza kiunoni akiwa amelivaa.