Maji ni haki, bili ya nini?

SWALI: Umoja wa Mataifa umetamka kuwa maji ni haki ya binadamu. Mbona basi naletewa bili, na nikichelewa kulipa nakatiwa? – Mpangaji

JIBU: Ndugu Mpangaji, nimekuwa msoma mita miaka mingi, na swali lako nimeulizwa getini, wakati mwingine mbwa akiwa amefunguliwa.

Azimio hilo lilipita Julai 28, 2010 kwa kura 122, bila hata moja ya kupinga. Halikusema maji yawe ya bure. Kamati ya Umoja huohuo ilikwisha kufafanua mwaka 2002: yawe ya kutosha, salama, ya karibu, na kwa bei ambayo kila mtu ataimudu. Pampu inakula umeme na dawa ya kusafishia inanunuliwa. Usipolipa kwenye bili utalipa kwenye kodi.

Maji ya bure kwa wote mimi siyaungi mkono. Anayefaidi ni mwenye bomba, na bustani yake. Asiye na bomba ataendelea kununua kwa dumu, na mara nyingi lita yake ni ghali kuliko ya mwenye bomba.

Afadhali kiasi cha lazima kiwe bure au rahisi, kinachozidi kilipiwe. Afrika Kusini, tangu 2001, sera imekuwa lita 6,000 za bure kwa kaya kila mwezi. Hapo ugomvi ni wa hesabu: watu wawili wanapata lita 100 kila mmoja kwa siku, watu wanane wanaambulia 25.

Ninyi wapangaji mnaumia zaidi pale bei ya kila lita inapopanda kadiri ya matumizi. Vyumba vyote mita moja! Niliwahi kuchuchumaa kwenye mita ya nyumba kama hiyo. Kile kigurudumu chekundu hakikutulia, huku mwenye nyumba akiniapia kuwa hapo hakuna bustani. Kweli haikuwepo. Kila chumba kilitumia ndoo chache tu, ila mita iliwahesabu wote kama tajiri mmoja, wakatozwa bei ya juu.

Kuhusu kukatiwa: kamati ileile inataka upewe taarifa mapema, uwezo wako wa kulipa uangaliwe, na usinyimwe kabisa kile kiasi cha chini cha kuishi. Omba mlipe deni kwa awamu, na mwombe mwenye nyumba aandikishe idadi ya kaya zinazotumia mita hiyo. Nendeni naye ofisi ya maji, maana jina lililo kwenye bili ni lake.